Tusitafsiri Tafsiri

Kuna desturi iliyoota mizizi miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili wa nchi za jirani, nayo ni desturi ya kuamini kwamba jambo lolote la ng'ambo haliwezi kufika katika Kiswahili mpaka kwanza lipite katika kinywa cha Kiingereza au cha Kifaransa. Mwanafunzi wa Kampala akituletea neno la Kijapani, la Kirusi au la Kichina, twamwuliza kwanza Waingereza wanaliitaje. Mwenzake wa Bujumbura huulizwa Wafaransa wanaliitaje. Kisha jibu hilo ndilo tunalolitafsiri. Katika makala haya tunakusudia kuipinga desturi hiyo waziwazi. Twasema kwamba ni uvivu uliovikwa joho la elimu, na kwamba hasara yake huwaangukia wanafunzi wetu.

Mfano tutakaoutumia huenda ukawafanya baadhi ya wenzetu wacheke. Hatukuuchukua katika tamthilia za Wayunani wala katika riwaya za Warusi. Tumeuchukua katika filamu za katuni za Kijapani, ziitwazo anime, na hasa katika msimu wa pili wa mfululizo uitwao Boku no Hero Academia. Wanafunzi wetu wanaujua mfululizo huu kuliko wanavyozijua tamthilia tunazowasomesha. Wanasimuliana visa vyake kwa Kiswahili wakati wa mapumziko, wanaandika majina ya wahusika wake pembezoni mwa madaftari, na mara kwa mara hutuuliza neno fulani la hadithi hiyo lisemwe vipi kwa Kiswahili sanifu. Swali la lugha likiulizwa na mwanafunzi kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtihani, ni neema kwa mwalimu. Tukilijibu ovyo tumeipoteza neema hiyo.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajauona mfululizo huo, hatuna budi kueleza kwa muhtasari. Hadithi ilitungwa na kuchorwa na Kohei Horikoshi, ikaanza kuchapishwa Julai 2014 katika Shonen Jump, jarida la vibonzo la kila wiki la kampuni ya Shueisha, ikakamilika Agosti 2024. Studio iitwayo Bones iliigeuza kuwa filamu za televisheni kuanzia Aprili 2016, na msimu wa mwisho ukamalizika Desemba 2025. Msimu wa pili, ambao ndio tunaouzungumzia, ulionyeshwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 30 Septemba 2017, sehemu 25 kwa jumla.

Dunia ya hadithi hii ni dunia ambamo watu wanane katika kila kumi wana uwezo fulani usiokuwapo kwetu: huyu hutoa moto, yule hugandisha maji, mwingine huvielea vitu hewani. Ushujaa umekuwa kazi yenye leseni na malipo, na vijana huusomea shuleni kama wengine wanavyosomea uuguzi au ualimu. Kijana Izuku Midoriya amezaliwa bila uwezo wowote. Shujaa mkuu wa nchi, All Might, anamrithisha uwezo wake kwa siri, na kijana anaingia shule ya mashujaa iitwayo Yuei. Msimu wa pili unawapambanisha wanafunzi wa shule hiyo katika tamasha la michezo, kisha unawapeleka kufanya mazoezi ya kazi kwa mashujaa wenye uzoefu, na baadaye unawatia katika mtihani ambamo, wawili wawili, hupambana na walimu wao wenyewe.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Uwezo huo ambao watu wa hadithi hii huzaliwa nao, mwandishi ameuita kosei. Waingereza na Wamarekani wameutafsiri kwa neno "Quirk". Wafaransa wameutafsiri kwa neno "Alter". Nasi, kwa kuwa tumegawanywa na shule za wakoloni wawili tofauti, tumeyapokea maneno hayo mawili kana kwamba ndiyo asili. Mwanafunzi wa Kampala, akitafsiri "Quirk", ataandika kituko. Mwanafunzi wa Bujumbura, akitafsiri "Alter", ataandika ugeni au utofauti. Wote wawili wametazama filamu ile ile, wote wawili wanaandika Kiswahili, lakini wakikutana hawatajua kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja. Je, hii ndiyo lugha ya kutuunganisha tunayoisifu kila tarehe 7 Julai? Mipaka iliyochorwa Ulaya twailaani katika hotuba, kisha twaichora upya katika madaftari ya watoto.

Ni kweli kwamba watafsiri wa Ulaya na Marekani walikuwa na sababu zao. Walikuwa wakiwahudumia wasomaji wao, na ni haki yao kuchagua watakavyo. Hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na mwalimu wa Kiswahili anayelichukua chaguo lao kana kwamba ni sheria.

Maana kosei katika Kijapani si neno la ajabu hata kidogo. Ni neno la kila siku. Limeandikwa kwa alama mbili: ya kwanza yahusu mtu mmoja mmoja, ya pili yahusu maumbile au tabia aliyo nayo mtu. Kwa pamoja zaeleza yale yanayomfanya mtu awe yeye na si mwingine. Mwandishi amelichukua neno hilo la nyumbani na kulipa kazi mpya, ili kila mara lisikikapo, Mjapani asikie maana mbili kwa pamoja: uwezo wa kutoa moto, na nafsi ya yule autoaye.

Mtu asiye na uwezo huo huitwa mukosei, yaani asiye na kosei. Midoriya alikuwa na umri wa miaka minne daktari alipoitazama picha ya mifupa ya mguu wake na kumwambia mama yake kwamba mtoto huyu hatapata uwezo wowote. Kwa Kijapani, maneno hayo yana uchungu wa pekee, kwani mtoto anaambiwa, kwa neno la kawaida kabisa, kwamba hana lile linalomfanya mtu awe yeye. Haya, tulipitishe jambo hilo katika Kiingereza kisha tulilete kwetu. Tutapata mtoto "asiye na kituko". Ni mzazi gani wa Kiswahili atakayelia akiambiwa kwamba mwanawe hana vituko? Atashukuru! Msiba wa Kijapani umegeuka kuwa sifa njema ya Kiswahili, na mwalimu aliyeipitisha tafsiri hiyo ametia alama ya vema.

Wapo wenzetu ambao, kwa kuona ubovu wa kituko, wamependekeza nguvu za ajabu. Pendekezo hili lina sura ya busara, nalo ndilo linalotumiwa na wengi. Lakini hadithi yenyewe yalikataa. Katika msimu wa tano, uliotolewa mwaka 2021, twasimuliwa kwamba neno kosei halikuwapo tangu mwanzo. Watoto wa kwanza waliozaliwa na uwezo huo waliogopwa, na uwezo wao uliitwa kwa jina la kuwatenga, lenye maana ya uwezo usio wa kawaida. Kisha akatokea mama mmoja aliyeutetea uhuru wa mwanawe, akasema kwamba kile ambacho watu wanakiita ajabu ni kosei ya mtoto wake tu. Aliuawa kwa ajili ya neno hilo, lakini neno likabaki likawa la watu wote. Basi anayeandika nguvu za ajabu anamrudishia mtoto yule jina ambalo mama yake alikufa akilikataa. Hilo si kosa dogo la msamiati. Ni kubatilisha kesi iliyokwisha kuamuliwa ndani ya hadithi.

Wapo pia wanaopendekeza kipaji au kipawa. Hawa wamekaribia zaidi, na kwa sababu hiyo inatubidi tuwajibu kwa uangalifu zaidi. Maneno haya mawili yametokana na kitenzi kupa. Kipawa ni kitu ambacho mtu amepewa, na yeyote asemaye kipawa amekwisha kusema kwamba yupo mtoaji. Sasa tukumbuke siri kubwa inayoishikilia hadithi hii: Midoriya, asiye na kosei, amerithishwa kosei ya All Might, naye ni wa tisa kuipokea katika silsila ya warithi. Jambo hilo lamshangaza yeye mwenyewe, kwa maana katika dunia ile hapana aliyewahi kusikia kwamba kosei yaweza kukabidhiwa mtu mwingine. Tukitumia kipawa, tutakuwa na "kipawa alichopewa", na mshangao wote umekwisha. Kipawa kupewa kuna ajabu gani?

Fauka ya hayo, sisi walimu tumekwisha kulichakaza neno kipaji kwa matumizi mabaya. Mara ngapi tumeona katika ripoti za shule maneno kama "hana kipaji cha lugha"? Maneno mafupi hayo humwondolea mwalimu wajibu, kwani kama mtoaji hakutoa, mwalimu afanye nini? Neno la namna hiyo halifai kubeba hadithi ambayo kiini chake ni mafunzo, jasho na kuvunjika vidole.

Sisi twapendekeza hulka. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, katika shina moja na maneno ya kuumba, nalo limekaa kwetu muda mrefu hata limekuwa mwenyeji. Twasema mtu ana hulka ya upole, twasema hulka ya mtu haifichiki. Ni yale aliyoumbwa nayo mtu, yanayoonekana katika matendo yake, yanayomtofautisha na nduguye wa tumbo moja. Tukisema "mtoto huyu hana hulka", sikio la Mswahili hushtuka, kama lilivyoshtuka sikio la Mjapani. Na tukisema "hulka aliyopewa", twapata ule mgongano ambao mwandishi aliukusudia, kwa kuwa hulka haipewi wala haiazimwi. Kama atatokea msema kweli akatuambia kwamba upekee ni tafsiri iliyo karibu zaidi na alama zile mbili, tutamkubalia kwamba iko karibu. Lakini upekee ni neno la vitabuni, lasema tu kwamba mtu yu tofauti na wengine, halisemi ameumbwa na nini. Nalo halina uzito wa kutosha kumliza mama.

Baada ya kupata neno, tuliingize katika jaribio. Tumesema kwamba mfano wetu ni msimu wa pili, na sababu ni kwamba msimu huo wote waweza kusomwa kuwa ni mjadala juu ya neno kosei. Jaribio kubwa ni pambano kati ya Midoriya na Shoto Todoroki katika tamasha la michezo.

Todoroki ana uwezo wa namna mbili: upande wa kulia hutoa barafu, upande wa kushoto hutoa moto. Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Baba yake, ajulikanaye kwa jina la kazi Endeavor, alikuwa shujaa wa pili kwa daraja katika nchi, akashindwa kumpita All Might miaka nenda miaka rudi. Alipokata tamaa ya kushinda yeye mwenyewe, alioa mke kwa kutazama barafu yake, ili azae mtoto atakayeunganisha uwezo wa wazazi wote wawili na kumpita yule ambaye baba hakuweza kumpita. Ndoa hiyo ilimvunja mama. Siku moja, akili ikiwa imemlemea, alimmwagia mwanawe maji ya moto usoni, upande wa kushoto, upande wa baba. Kisha akapelekwa hospitali, wakatengana. Kijana akakua na kovu na kiapo: kwamba atashinda kwa barafu ya mama peke yake, na moto wa baba hataugusa.

Midoriya, ambaye vidole vyake vinavunjika kimoja baada ya kingine kila atumiapo uwezo aliorithishwa, anamkasirikia mpinzani wake kwa kupigana kwa nusu. Katikati ya pambano anampigia ukelele unaomgeuza. Hapa twawaomba wasomaji watege sikio. Katika ukelele huo Midoriya hatumii neno kosei. Anatumia neno chikara, ambalo maana yake ni nguvu, na analitia umiliki: nguvu hiyo ni yako. Mwandishi amebadilisha neno kwa makusudi. Kosei ya Todoroki ilipangwa na baba kabla mtoto hajazaliwa, hiyo haibadiliki. Lakini hulka ikikubaliwa na mwenyewe huwa nguvu yake, na hapo mpangaji hana hati tena. Todoroki anakumbuka maneno ya mama yake, aliyemwambia kwamba ana ruhusa ya kuwa yule anayetaka kuwa, na moto unawaka.

Sasa mwenzetu aliyeandika nguvu za ajabu tangu sehemu ya kwanza, atafanya nini hapa? Neno nguvu amekwisha kulitumia mara mia. Ukelele ambao ulipaswa kuwa kama radi utapita kama neno jingine lolote, na mwanafunzi atajiuliza kwa nini Todoroki ametoa machozi. Mwenzetu aliyeandika kipaji naye atamfanya Midoriya aseme, kwa maana ya ndani, kwamba moto ule ni zawadi. Na zawadi ya nani kama si ya baba? Atakuwa amemrudisha kijana katika minyororo ile ile ambayo tukio zima limekuja kuikata. Lakini aliyeandika hulka kwanza, kisha akaandika nguvu mahali hapa, amelitafsiri pambano pamoja na maana yake.

Na tutazame upande wa pili wa uwanja. Midoriya anashindwa pambano hilo. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika mashindano ya kwanza ya tamasha, mbio za vikwazo, alitokea wa kwanza bila kuutumia uwezo wake hata mara moja, kwa akili na kipande cha bati tu. Uwezo aliorithishwa unamwumiza kwa sababu anauona kuwa ni mali ya mtu mwingine, kitu cha pekee cha kutolewa sandukuni siku ya hatari. Baadaye katika msimu huu huu mzee Gran Torino anamfundisha, na somo linamwingia jikoni: mkate mtamu wenye umbo la samaki umetiwa katika tanuri la umeme bila kuzungushwa, ukapata moto mahali pamoja na kubaki barafu mahali pengine. Kijana anaelewa kwamba yapasa auache uwezo uenee mwili mzima wakati wote. Kwa maneno yetu, yampasa akifanye kile alichopewa kiwe hulka. Basi tuna vijana wawili: mmoja ana hulka ambayo haijawa nguvu yake, wa pili ana nguvu ambayo haijawa hulka yake. Msimu mzima umejengwa juu ya ulinganifu huo, nao hauonekani kabisa kwa anayeutazama kwa dirisha la "Quirk".

Wala haliishii kwenye neno moja. Alama za jina Izuku zaweza kusomwa pia Deku, na ndivyo alivyozisoma mwenzake wa utotoni, Katsuki Bakugo, ili kumtukana, kwa kuwa deku ni kinyago cha mti, mtu asiye na faida. Matoleo ya Ulaya yameliacha jina hilo kama lilivyo, na msomaji hulimeza bila kuisikia ladha yake chungu. Kisha msichana Ochaco Uraraka analisikia jina hilo hilo na kusema kwamba kwake linafanana na dekiru, yaani kuweza. Tusi linageuka kuwa moyo, na katika msimu wa pili, wanafunzi wanapochagua majina yao ya ushujaa, Midoriya anaichagua Deku kwa hiari yake. Wajapani wana methali isemayo kwamba jina hudhihirisha umbo. Sisi nasi tuna methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Bakugo alikichonga kinyago hiki kwa ulimi wake, na katika msimu huu twamwona akitishika nacho. Je, mwalimu apewe nini zaidi ili afundishe methali hiyo? Lakini hawezi kuifikia kwa njia ya Kiingereza, maana huko kinyago hakimo.

Na jina la shule, Yuei. Wajapani huliandika neno lenye maana ya shujaa, eiyu, kwa alama mbili. Mwandishi amezipindua, ya pili ikatangulia. Waingereza wamebakiwa na herufi mbili za mkato tu. Lakini watoto wa pwani yetu walikuwa na mchezo wao wa kinyume, wa kuihamisha silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mbele, kitabu kikawa bukita. Askofu Steere aliueleza katika kitabu chake cha Kiswahili tangu karne ya 19. Kwa mchezo huo shujaa huwa ashuja. Hatusemi lazima shule ile iitwe Ashuja. Twasema kwamba Kiswahili kilikuwa na ufunguo wa kufuli hili mfukoni, nasi tukaenda kuazima ufunguo usiofungua.

Tunajua majibu tutakayopewa. Jibu la kwanza ni kwamba hizi ni katuni, na walimu watu wazima hawana haja ya kujishughulisha nazo. Twajibu kwamba mwanafunzi huchukua lugha mahali anapoipenda hadithi, na kama Kiswahili hakipo hapo atachukua lugha nyingine. Baba anayetaka mwanawe ashinde kwa niaba yake si jambo la kitoto. Tuna wazazi wa namna hiyo katika kila kikao cha wazazi.

Jibu la pili ni kwamba hatuna wajuzi wa Kijapani. Udhuru huu ulikuwa na nguvu zamani. Leo Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili, na shirika la utangazaji la Japani, NHK, limetangaza kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Wajapani wametujia kwa lugha yetu. Sisi twashindwa kufungua kamusi yao kwa ajili ya neno moja? Tena sauti za lugha zao si ngeni kwa ulimi wetu. Midoriya, Todoroki, Uraraka: kila silabi yaishia na irabu, na irabu ni zile zile tano. Mtoto wa Kigoma hulitamka jina hilo sawasawa mara ya kwanza.

Jibu la tatu ni kwamba hulka kwa kawaida husemwa juu ya tabia, haisemwi juu ya moto na barafu. Ni kweli. Na kosei vilevile, kabla Horikoshi hajalipa kazi mpya, haikusemwa juu ya moto na barafu. Yeye alithubutu kwa lugha yake. Sisi twangoja ruhusa ya nani?

Hatusemi matoleo ya Kiingereza na Kifaransa yatupwe. Yawe mashahidi, yaulizwe, yalinganishwe. Lakini shahidi asikalie kiti cha hakimu. Tujiulize pia tungeona vipi kama mambo yangegeuzwa. Nani kati yetu angeridhika kusikia kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert inasomwa huko Osaka kutoka Kiingereza, na kwamba hakuna msomaji aliyeuliza jina hilo limetoka katika kitenzi gani? Tungelalamika, na tungekuwa na haki. Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar aliifuata lugha aliyoiandikia Shakespeare mwenyewe, akaiweka mkononi mwa Waswahili. Huo ndio mwendo.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa chama chetu. Kwanza, mwanafunzi akileta neno la kigeni, swali la kwanza la mwalimu liwe: katika lugha yake ya asili neno hili lina maana gani, na watu wa huko hulitumia lini? Pili, walimu wa upande wa Kiingereza na wa upande wa Kifaransa wapeane maneno haya kabla ya kuyafundisha, ili mtoto wa Kigali na mtoto wa Bukavu wasijifunze Kiswahili cha namna mbili kwa sababu ya magavana waliokwisha kuzikwa. Tatu, pambano la Midoriya na Todoroki lifanywe zoezi la tafsiri katika madarasa ya juu, na kila darasa litetee neno lake mbele ya darasa jingine.

Huenda darasa fulani likalishinda neno letu, likapata lililo bora kuliko hulka. Tutafurahi, mradi limelipata kwa kuiuliza kosei yenyewe.